Fedha napata B+, hisabati imenipa sapu: nihamie B.Com?

Dada mshauri, shikamoo.

Nasoma shahada ya hisabati na fedha katika chuo kimoja hapa Dar, nipo mwaka wa pili. Kidato cha sita nilichukua EGM (Uchumi, Jiografia na Hisabati) na hesabu ndiyo ilikuwa somo langu. Swali likija natafuta fomula, naweka namba, natoa jibu. Nilichagua kozi hii nikijua ni hesabu zilezile, ila zimewekewa pesa.

Matokeo ya semista ya kwanza yametoka. Fedha za Kampuni B+, Masoko ya Fedha B+, Uwezekano C, na Analisisi ya Namba Halisi ni sapu, yaani nirudie mtihani. GPA imeshuka hadi 3.1. Kwenye Analisisi nilikariri uthibitisho wote uliokuwa kwenye madesa (notisi za kurithishana) ya kaka zetu wa mwaka wa tatu, kurasa zaidi ya 40. Siku ya UE, mtihani wa mwisho wa semista, maswali yakaja yamegeuzwa, nikabaki nakodolea karatasi macho.

Mjomba, ambaye ndiye ananishika mkono boom (pesa ya kujikimu ya mkopo) ikichelewa, anasema nihamie B.Com ya fedha kabla sijadisko, yaani kuondolewa chuo kwa kufeli. Anasema hakuna benki inayomuuliza mtu habari za epsiloni na delta. Na mimi mwenyewe sioni uhusiano. Darasa la fedha tunabonyeza Excel mambo yanaisha. Darasa la hisabati tunahangaika kuthibitisha vitu vinavyoonekana kwa macho.

Nihame au nibaki? Nikibaki, nisomeje ili sapu ipite? Na hiyo hisabati nitaitumia wapi hasa? Wenzangu wengine wameanza kujisajili mitihani ya aktuaria (hesabu za hatari za bima na pensheni), wengine wanazungumzia CPA, mimi nipo nipo tu.

Mwana EGM, Dar es Salaam

*

Marahaba mdogo wangu.

Usihame kwa sababu ya sapu moja. Tuipigie hesabu hiyo hasara kwanza, maana hofu imeikuza. Shahada ya miaka mitatu hapa nchini hubeba angalau krediti 360. Tuseme Analisisi ina krediti 12. Kwa kawaida anayefaulu sapu huandikiwa C, yaani pointi 2, hata kama karatasi yake ina 80. Hakikisha kwenye kanuni za chuo chako. Ungepata B+ zingekuwa pointi 4. Tofauti ni pointi 2 mara krediti 12, ni 24. Gawa kwa 360, unapata 0.067. Sapu ikishafauliwa, imekula chini ya 0.07 ya GPA yako ya mwisho.

Linalostahili kukunyima usingizi ni hiyo 3.1. Umebakiza karibu nusu ya krediti. Ili umalize na 3.5, ambapo daraja la pili la juu linaanzia, nusu iliyobaki inabidi iwe na wastani wa 3.9. Hiyo ni B+ karibu kila somo. Inawezekana, ila si kwa kukariri.

Kuhama nako kuna bei yake. Kuingia B.Com ukiwa mwaka wa pili mara nyingi ni kuanza mwaka wa kwanza upya, na mkopo wa Bodi ya Mikopo umepangwa kwa miaka ya programu uliyodahiliwa. Kabla ya kusaini fomu yoyote, nenda kwa ofisa mikopo wa chuo umuulize mwaka wa ziada unalipwa na nani. Ningekuambia hama kama ungekuwa umeanguka Kalkulasi na Aljebra pia, na kama kukaa na swali moja kwa saa nzima kungekuwa adhabu kwako. Barua yako haisemi hivyo. Inasema umesoma hisabati kama shairi la kughani, na fedha kama mapishi.

Ndiyo, hata fedha. B+ zako zisikulevye. Ngoja nikuonyeshe.

Chukua mradi wa mgodi mdogo. Mwaka wa 0 unatoa shilingi milioni 1,000. Mwaka wa 1 unaingiza milioni 2,300. Mwaka wa 2 unalipa milioni 1,320 za kufunga mgodi na kurudisha ardhi katika hali yake. Gharama ya mtaji ni 5%. Iulize Excel IRR, yaani kiwango kinachofanya thamani halisi ya sasa ya mradi iwe sifuri, inakujibu 10%. Darasani mmefundishwa kwamba IRR ikizidi gharama ya mtaji mradi unakubaliwa. Basi umekubali.

Sasa piga thamani halisi ya sasa (NPV) kwa mkono. 2,300 gawa kwa 1.05 ni 2,190.48. 1,320 gawa kwa 1.05 mara mbili ni 1,197.28. Ondoa na zile 1,000 za mwanzo. Jibu ni hasi milioni 6.8. Umeidhinisha hasara, na Excel haikukuonya. Cha kushangaza, gharama ya mtaji ikiwa 15%, mradi uleule unaleta chanya milioni 1.89, ikiwa 25% unarudi kwenye hasi milioni 4.8.

Sababu utaiona ukiifanya thamani hiyo iwe sifuri na kuandika x badala ya 1 + r, ambapo r ni kiwango. Mlinganyo unakuwa x² − 2.3x + 1.32 = 0, na mizizi yake ni 1.1 na 1.2. IRR zipo mbili, 10% na 20%. Excel huanza kutafuta kutoka kwenye kisio, na usipoipa kisio inaanzia 10%. Ipe kisio cha 25% itakuletea 20%. Mizizi imeweza kuwa miwili kwa kuwa alama za fedha zimegeuka mara mbili: hasi, chanya, hasi. Zingegeuka mara moja tu, kutoka hasi kwenda chanya, kama ilivyo kwa anayetoa mkopo wa kawaida, kungekuwa na jibu moja na ile kanuni ya darasani ingekuwa salama. Kanuni hiyo ni theoremu yenye sharti, na walioichapa kwenye madesa sharti wameliacha.

(Wakati tupo kwenye Excel: fomula yake ya NPV inaichukulia namba ya kwanza kuwa imetokea mwisho wa mwaka wa 1. Ile hasi 1,000 ya mwaka wa 0 iache nje ya mabano, uijumlishe pembeni. Kosa hili nimeliona kwenye mapendekezo ya miradi yaliyofika hadi mezani kwa bodi.)

Tuje kwenye hatifungani, yaani hati ya mkopo unaoikopesha serikali au kampuni, maana huko ndiko Analisisi yako inakoingia. Serikali yetu hulipa kuponi, yaani riba yake, kila nusu mwaka. Tuseme hatifungani ya shilingi 1,000,000, ya miaka 5, kuponi 12% kwa mwaka. Soko linataka 14%. Kuponi ni 60,000 mara 10, na kila nusu mwaka unapunguza kwa 7%. Jumla ya vigawe vya punguzo ni 7.02358, hivyo kuponi zote zina thamani ya 421,415. Ile milioni ya mwisho ina thamani ya 508,349. Bei ni 929,764.

Hapa wanafunzi wengi huteleza mahali pamoja: hawaulizi hiyo 14% ni ya aina gani. Ikiwa ni kiwango halisi cha mwaka mzima, cha nusu mwaka si 7% bali ni kipeuo cha pili cha 1.14, toa 1, yaani 6.77%. Bei inakuwa 945,285. Umepishana kwa zaidi ya shilingi 15,500 katika kila milioni, na mifuko ya hifadhi ya jamii hainunui milioni moja.

Geuza swali. Muuzaji anataka 950,000. Faida hadi kuiva, yaani kiwango cha mwaka kinacholeta bei hiyo, ni asilimia ngapi? Fomula ya kulitoa jibu hilo moja kwa moja hakuna. Unajua kwa 12% bei ni 1,000,000 na kwa 14% ni 929,764, kwa hiyo jibu lipo katikati. Jaribu 13%: 964,056, bado juu. Jaribu 13.5%: 946,709, umepita. Jibu liko kati ya 13% na 13.5%. Endelea kukata katikati. Ukifika hatua ya 10, ule upana wa asilimia 2 ulioanza nao umebaki chini ya 0.002.

Nani amekuhakikishia kwamba jibu lipo? Theoremu ya thamani ya kati, kwa kuwa bei ni fanksheni endelevu ya kiwango. Nani amekuhakikishia kwamba liko moja tu? Ni kwa sababu bei inashuka muda wote kiwango kinapopanda. Na huko kukata katikati, ukikuandika kwa lugha ya mifuatano, ndio uthibitisho wa theoremu hiyo unaofundishwa katika kozi nyingi za Analisisi. Nina hakika kwenye zile kurasa 40 umo. Uliukariri bila kujua kwamba ndivyo faida hadi kuiva ya hatifungani inavyoweza kutafutwa.

Sasa sapu. Una miezi kadhaa hadi mwisho wa mwaka wa masomo. Tenga wiki 6, siku 5 kwa wiki, saa 2 kwa siku, simu ikiwa chumba kingine. Wiki ya kwanza usiguse uthibitisho wowote. Andika fafanuzi tu: kikomo cha mfuatano, mfuatano wa Cauchy, uendelevu, uendelevu sare, mpaka wa juu ulio mdogo kabisa wa seti (supremum), na kadhalika. Kila ufafanuzi uwekee mfano mmoja unaofaa na mmoja usiofaa. Ukishindwa kutaja usiofaa, ufafanuzi huo bado hujauelewa hata kama umeandika kila neno.

Pambana hasa na mpangilio wa maneno "kwa kila" na "kuna". Maswali yaliyogeuzwa mara nyingi yamegeuzwa hapo. Chukua fanksheni ya x² na epsiloni, yaani tofauti inayoruhusiwa kwenye jibu, ya 0.1. Tofauti ya x² na a² ni |x − a| mara |x + a|. Ukiwa kwenye a = 1, na delta, yaani umbali unaoruhusiwa kati ya x na a, isiyozidi 1, |x + 1| haifiki 3, kwa hiyo delta ya 0.1 gawa kwa 3, yaani 0.033, inatosha. Nenda a = 100. Sasa |x + 100| haifiki 201, na delta imesinyaa hadi chini ya 0.0005. Kila nukta ina delta yake, hivyo fanksheni ni endelevu. Lakini hakuna delta moja ya kutosha mstari mzima, kwa kuwa kadiri unavyosogea mbali inazidi kusinyaa. Huo ndio mpaka kati ya uendelevu na uendelevu sare, na sentensi zake mbili zinatofautiana kwa mahali "kuna delta" ilipokaa. Fanya hivyohivyo kwa 1/x karibu na sifuri, na kwa kipeuo cha pili cha x, kisha uone ipi inakubali na ipi inakataa.

Wiki ya pili hadi ya nne chukua theoremu moja kwa siku, ondoa sharti moja, tafuta mfano unaoivunja. Theoremu inasema fanksheni endelevu kwenye kipande kilichofungwa ina kilele? Fungua kipande. Kata uendelevu. Angalia kilele kinapotelea wapi. Wiki mbili za mwisho ni mitihani iliyopita, kwa saa, bila majibu pembeni. Desa linakuonyesha njia iliyokwisha kusafishwa. Lile karatasi la rafu ambalo mwandishi alianza kutoka mwisho na kurudi nyuma halimo, na mtihani unapima hilo. Kwa hiyo kwenye rafu anza na unachotaka, kwa mfano |x² − a²| < epsiloni, rudi nyuma hadi uione delta, halafu kwenye karatasi safi andika kwa mpangilio wa mbele: "Chukua epsiloni yoyote kubwa kuliko 0." Hata ukikwama katikati, ufafanuzi uliosemwa sawasawa una alama zake. Karatasi tupu haina.

C ya Uwezekano nadhani imetoka kulekule. Jaribu hili. Hisa leo ni shilingi 1,000. Mwakani itakuwa 1,200 au 900. Riba isiyo na hatari ni 5%. Opsheni inakupa haki ya kununua hisa hiyo kwa 1,050, kwa hiyo italipa 150 hisa ikipanda na 0 ikishuka. Mchambuzi anaamini kupanda kuna uwezekano wa 0.7. Wengi hupiga 0.7 mara 150 gawa kwa 1.05, wanapata 100. Wamekosea. Nunua nusu ya hisa kwa 500, na 428.57 kati ya hizo ukope. Ikipanda una 600, unalipa deni la 450, unabaki na 150. Ikishuka una 450, unalipa 450, unabaki na 0. Umeiiga opsheni kwa 71.43. Anayeiuza kwa 100 anatia mfukoni 28.57 bila hatari yoyote. Ile 0.7 haikuingia popote, namba inayobeba kazi ni (1.05 − 0.9) gawa kwa (1.2 − 0.9), sawa na 0.5. Nayo ina sharti: 1.05 lazima ikae kati ya 0.9 na 1.2. Riba ikifika 20% hesabu yote inaporomoka, na ukijiuliza kwa nini utakuwa umeelewa zaidi ya wengi wanaotaja majina ya Black na Scholes, wenye fomula maarufu ya bei za opsheni.

Mjomba wako ana ukweli kuhusu epsiloni, hakuna atakayekuuliza kwenye usaili. Lakini tangu 1 Januari 2018 kiwango cha uhasibu cha IFRS 9 kinazitaka benki zitenge fedha kwa hasara inayotarajiwa, si iliyokwisha kutokea. Mkopo wa 10,000,000, uwezekano wa kutolipwa ndani ya mwaka 4%, na sehemu itakayopotea 45%: tengo ni 180,000. Kuzidisha namba tatu si kazi. Kazi ni kuipata ile 4% kutoka kwenye rundo la mikopo ambamo tarehe 03/04 imesomwa kuwa Machi badala ya Aprili, na kuamua lini hatari ya mteja imeongezeka kiasi cha kutengea hasara ya maisha yote ya mkopo badala ya miezi 12. Bima nazo zina IFRS 17 tangu 1 Januari 2023, inayotaka thamani ya sasa ya madai ambayo bado hayajatokea. Ongeza mifuko ya hifadhi ya jamii, idara za hazina za benki, na mikopo ya simu inayotolewa kwa alama za mteja. Huko wanatafuta mtu anayejua modeli inaposema uongo.

Mfano wa hapahapa: utafundishwa kuchukua mtikisiko wa bei wa siku, uzidishe kwa kipeuo cha pili cha siku za soko, upate wa mwaka. Ifanye kwa hisa ya DSE (Soko la Hisa la Dar es Salaam) isiyouzwa kila siku. Bei iliyoganda inaleta sifuri nyingi, mtikisiko unaonekana mdogo, na hisa inaonekana tulivu kumbe haina mnunuzi. Sharti la siku kutotegemeana limevunjika, na namba imetoka nzuri tu.

Kwa hiyo jifunze Excel vizuri, halafu lugha moja ya programu, R au Python, usihangaike na zote mbili. Ongeza SQL, lugha ya kuchota data kwenye hifadhidata, maana data za benki haziji kwa barua pepe. Zoezi la kwanza: andika ile njia ya kukata katikati, iwe na mistari 15 hivi, uitumie kwa hatifungani niliyokupa, kisha ijaribu kwenye ule mgodi uone inavyokuchanganya.

Mitihani ya nje isubiri sapu. Ukitaka aktuaria, P ya Society of Actuaries ya Marekani ni uwezekano mtupu, maswali 30 kwa saa 3. FM ni riba, malipo ya vipindi na hatifungani, maswali 30 kwa saa 2 na nusu. Mambo ya hapo juu yakishakukaa, anza na FM. Kwa njia ya Uingereza, IFoA (chama cha wanaaktuaria wa huko), uliza kwanza kama chuo chako kina msamaha wa masomo na unahitaji alama gani, kwani kulipia mtihani ambao ungesamehewa ni kutupa pesa. Pia wana punguzo la ada kwa wenye kipato kidogo, liombe kabla ya kulipa. CPA ni njia ya mtu anayetaka uhasibu na ukaguzi wa hesabu, na barua yako haina hata sentensi moja inayosema unautaka.